Daftari la Chini ya Meza

Kompyuta ilipokuja Hoteli ya Mwangani, mwezi wa pili mwaka wa themanini na nane, ilikuja na kiyoyozi chake. Hilo ndilo lililomuuma Bi Hafidha binti Aboud mwanzo, kabla hata hajayajua mengine. Miaka kumi na minne kakaa meza ya mapokezi na joto la Malindi, leso mkononi akijipangusa shingo, kila mwaka akiomba japo feni ya mezani, na kila mwaka akiambiwa mwakani inshallah. Mashine ililala stoo siku moja. Siku ya pili ikapewa chumba chake peke yake, na zulia, na pazia zito, na baridi ya kumsimamisha mtu malaika ya mwili. Ati joto litaidhuru. Na yeye Hafidha, je, alikuwa wa chuma?

Nyuma ya mashine akaja wa kuitumia. Kadii Tsuma, binti wa Jilore, miaka ishirini na miwili, katoka kusomea kompyuta Mombasa. Mrefu, mpole, na viatu vya kisigino alivyovivua mlangoni kila alipoingia chumba cha baridi, kana kwamba yuaingia msikitini. Bwana Nzai, meneja, alimleta mapokezi asubuhi moja akasema huyu ndiye atakayepanga vyumba vya wageni tangu leo, na kwamba Bi Hafidha sasa atapumzika. Kazi yake itakuwa kufungua barua na teleksi na kumpelekea binti. Kupumzika! Mchana ule Hafidha aliirudisha sahani jikoni bila kuigusa.

Lazima mjue Hafidha alikuwa nani pale. Hoteli nzima, kuanzia meneja hadi mfagizi, mtu akitaka kujua chumba cha tisa ni cha nani mwezi ujao, jibu lilikuwa moja: muulizeni Hafidha. Alikuwa na daftari kubwa la hoteli, ndiyo, lakini alikuwa halitazami. Alijua kwa kichwa nani arudi kila Disemba, nani ataka chumba cha kutazama bahari na nani aogopa kelele za mawimbi, nani alikuja mwaka jana na mke na mwaka huu yuaja na mwengine. Wageni wakiandika barua kutoka Ulaya walimtaja kwa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake duniani. Mume alimwacha zamani, mtoto hakujaaliwa, nyumba ilikuwa ya marehemu babake kule mji wa kale. Lakini Mwangani alikuwa mtu.

Sasa daftari kubwa likafungiwa kabatini, na jibu likawa muulizeni Kadii.

Mjini watu walisema yao. Walisema Nzai kamleta binti wa kwao, watu wa bara hawa wanabebana. Mimi maneno hayo siyashiki. Nzai angemleta hata mtoto wa Pate lau angeijua ile mashine. Lakini Hafidha aliyashika, akayatafuna, na kila alipoyatafuna aliyaona matamu. Wivu hautaki ukweli mwingi, wataka chochote cha kutafuna.

Basi alifanya nini? Alinunua daftari nene lenye mgongo mwekundu, akaliweka kwenye mtoto wa meza chini ya leso zake. Kila barua iliyokuja, kila teleksi, kabla hajampelekea Kadii, aliiandika humo: jina, chumba, siku ngapi, tarehe ngapi. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa na babake, ili mtu yeyote akipita na kuchungulia adhani ni dua au hesabu za chama cha mazishi. Na mnielewe vizuri, hakufanya hivyo kwa kuipenda hoteli. Alikuwa anavizia. Alitaka siku binti atakapokosea, awe na ushahidi.

Na kwa kuwa mtu mwenye kijicho hawezi kuandika tarehe tu akatosheka, kando ya majina ya wageni aliandika na ya Kadii. Leo kachelewa dakika kumi. Leo Nzai kamchekea. Leo kaja na kitambaa kipya cha kichwa, sijui kampa nani. Wallahi lile daftari ungelisoma ungesema limeandikwa na mke mwenza.

Bwana Nzai naye alikuwa na kiburi cha kitu kipya. Alisema kompyuta imeletwa ili ofisi iache makaratasi, hivyo kila mwisho wa mwezi barua na teleksi zilizokwisha kuingizwa zitolewe nje zikachomwe pamoja na makumbi ya nazi. Kadii alijaribu kumwambia zingojwe kidogo. Alimwomba pia disketi zaidi, maana alipewa kumi tu. Kila Jumamosi alinakili kazi yote kutoka ndani ya mashine kwenye disketi hizo, na kwa kuwa hakuwa na nyingine, nakala ya wiki hii ilifuta ya wiki iliyopita. Alitaka seti tatu azizungushe. Nzai akamuuliza kama kumi hazimtoshi, yuataka kufungua duka? Kadii akarudi kwenye disketi zake kumi.

Mwezi wa saba, kosa likaja lenyewe hadi mezani kwa Hafidha. Teleksi ilitoka Ujerumani, familia ya watu sita waja tarehe kumi mwezi wa nane, imeandikwa kwa tarakimu, kumi kisha nane. Ile mashine ilitaka mwezi utangulie ndipo siku ifuate, na kwa kawaida Kadii aligeuza. Lakini siku hiyo alikuwa na homa, akaingiza kama ilivyo. Jumamosi Kadii alipoleta orodha iliyochapishwa, Hafidha aliwaona wale sita wamekaa tarehe nane mwezi wa kumi. Alilifunua daftari lake akahakikisha. Kisha akachukua kalamu, akaandika mistari miwili, akalirudisha chini ya leso. Hakusema kitu kwa mtu.

Siku ya siku wakafika. Babu mwenye mkongojo, mume na mke, watoto watatu, na hoteli imejaa pomoni. Walikaa juu ya mizigo yao pale mapokezi tangu asubuhi hadi alasiri, mtoto mdogo kashikwa na tumbo, babu kafura kwa hasira, na Nzai akiomba radhi mpaka jasho lamtoka, ndipo wakapatiwa nafasi hoteli nyingine. Jioni Kadii aliandikiwa barua ya onyo. Alilia mbele ya watu, kisha akaja kwa Hafidha macho mekundu, akamwuliza kwa adabu, "Bi Hafidha, wewe hukuiona ile teleksi?"

"Mwanangu, karatasi zinazopita hapa ni nyingi," Hafidha alijibu. "Nitazishika zote?"

Kadii akamwambia ni kweli, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Kabla ya kwenda nyumbani Hafidha alilitoa daftari akaandika mstari mwengine tena.

Haya. Mwezi wa kumi na mbili ukaingia, wageni wa Krismasi wako njiani, na Jumatatu ya mwanzo stima ikakatika asubuhi, ikarudi kwa kishindo, ikakatika, ikarudi. Hayo Malindi tumeyazoea. Mashine haikuyazoea. Kadii alipoiwasha ilitoa sauti ya kugonga, kama mtu abishae hodi bila kuchoka, na kioo kikabaki cheusi. Akaizima, akaiwasha. Hodi zile zile. Alitoka chumba cha baridi bila viatu, akaenda hivyo hivyo hadi kwa Nzai.

Fundi alikuja siku ya pili kutoka Mombasa. Akafungua, akachungulia, akasema diski ya ndani imekufa, na kilichokuwa ndani hakitoki tena. Kadii akampa disketi zake kumi. Mbili za mwanzo zilisomeka. Nane zilizobaki zilikuwa na takataka tupu, alama na vinyota. Fundi akaeleza kwamba diski ilikuwa mgonjwa tangu wiki iliyopita, na Jumamosi binti aliponakili, alinakili ugonjwa, na ugonjwa huo ukafuta nakala nzima ya wiki ya nyuma yake. Angekuwa na seti ya pili, alisema, angerudi nyuma wiki moja tu. Nzai alitazama dirishani.

Vyumba themanini na viwili. Wageni wa kwanza kufika baada ya siku kumi na moja. Hakuna aliyejua nani yuaja lini, na barua zao zilishakuwa majivu. Jikoni walianza kunong'ona kwamba mashine imepigwa jicho, na waliposema hivyo walitazama mapokezi. Hafidha aliwaona. Haya ilimshika, kwa sababu ndani ya roho yake hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

Nzai alimwita Kadii ofisini, akaacha mlango wazi, kwa kusahau au kwa makusudi, sijui. Alimwambia ana mpaka Jumamosi. Vyumba visipojulikana Jumamosi, afunge virago vyake arudi Jilore, na barua ya kumsifu asitarajie. Kadii alimuuliza atavijua vipi. Nzai akasema hilo ni juu yake.

Hafidha aliyasikia yote akiwa amekaa mezani, mguu wake ukigusa ule mtoto wa meza. Furaha ilimpanda, nataka niseme kweli, ilimpanda tangu tumboni. Miezi kumi aliingoja siku hii. Hakuhitaji kufanya kitu. Alihitaji kunyamaza siku nne tu, na kunyamaza alishakujua.

Lakini Nzai akatoka ofisini, akaja akasimama mbele ya meza yake. Miezi kumi hajasimama pale ila kuuliza barua. Alikuwa kachoka, tai imekwenda upande. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Bi Hafidha, zamani ulikuwa ukijua wote kwa kichwa. Hukumbuki hata kidogo?"

Loo, lile neno. Ungempa Hafidha dhahabu asingeipokea kwa mikono miwili kama alivyolipokea lile neno. Kabla akili haijamkuta, mdomo ulikwisha sema, "Ninalo daftari, Bwana Nzai. Ninao wote, mmoja mmoja."

Nzai alimtazama kama aliyefufuliwa. Akamwita Kadii, akamwita fundi, akawaambia wasikie. Hoteli nzima ikasikia. Muulizeni Hafidha! Na yeye kasimama, daftari jekundu kifuani, kichwa kimevimba kwa furaha, mpaka alipolifunua kuwaonyesha na jicho lake likaangukia mwezi wa saba.

Mistari ile miwili ilikuwa pale. Fikra ya kwanza ilikuwa kuichana karatasi. Akaigeuza: nyuma yake walikuwa wageni wa Krismasi, vyumba kumi na vitatu, wale waandikao mapema. Aichane, wapotee watu thelathini. Asiichane, amebeba mkononi maneno yake mwenyewe ya kumwangamiza. Akajipa moyo kwamba hakuna aijuaye ile hati hapo ofisini. Nzai ni mtu wa Kaloleni, kasoma misheni. Kadii kasoma Mombasa herufi za Kizungu. Akatangaza kwamba atasoma mwenyewe, wengine hawatauweza mwandiko wake.

Fundi alitia diski mpya. Jumatano asubuhi Hafidha akavua viatu, akaingia chumba cha baridi kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye shughuli humo. Kadii alimwamkia shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe chenye mto, yeye akavuta stuli. Hafidha akasoma, Kadii akaandika.

Siku mbili walikaa bega kwa bega, na siku mbili hizo zilimtesa Hafidha kuliko miezi yote. Kwa mbali aliweza kusema binti hajui kitu, kapendelewa. Kwa karibu aliona vidole. Havikutazama vinakokwenda, vilijua. Hafidha alisoma jina la Kijerumani refu la kukata pumzi, na kabla hajalimaliza lilikuwa kiooni. Na kila baada ya majina ishirini Kadii alisimama, akanakili kwenye disketi mpya, akaitoa, akaiandika nambari, akaiweka kando, akaanza upya. Hakuwa na haraka. Mtu aliyebakishiwa siku tatu za kazi yuafanya kazi kama aliyebakishiwa miaka thelathini. Hafidha alitamani akosee japo herufi moja.

Kila alipofika kwenye neno lake la kando, aliliruka. Alijua mahali pake, aliteremsha jicho, akaendelea na mgeni wa pili. Mara moja Kadii alisema, bila kugeuka, kwamba mistari yaonekana mirefu kuliko inavyosomwa. Hafidha akamwambia Kiarabu ndivyo kilivyo, kinakula nafasi. Binti akaitikia.

Alhamisi walipofika kwa mabibi wawili wa Milano, wageni wake wa zamani wa chumba cha tisa, Hafidha akajisahau, akasema hawa wasipewe mayai asubuhi, na wawekewe mto wa pili, na mkubwa wao asiwekwe juu kwa ajili ya magoti. Kadii akaacha kuandika. Akasema mambo kama hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye mashine tangu mwanzo, na kama Bi Hafidha atakubali, angefungua mahali pa kuyaweka yote, kila mgeni na yake. Alisema kwa heshima, macho yakimng'aa kwa kuipenda kazi. Hafidha alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaona. Hata haya ya kichwani anayataka! Yakishaingia humo, mimi nabaki na nini? Akajibu kwamba watayaona baadaye, sasa waendelee.

Popote alipokwenda alikwenda na daftari, hata kuswali alilifunga ndani ya buibui. Ijumaa ndipo alipoponzwa, na aliyemponza ni yeye mwenyewe. Walikuwa wamefika mwezi wa saba. Katibu wa Nzai alikuja mbio akasema kuna simu kutoka Italia, mabibi wa Milano, wamesikia kuna matatizo na hawataki kusema na meneja, wanamtaka Hafidha. Hafidha tu. Mbele ya Kadii! Aliinuka akajinyoosha buibui taratibu ili Kadii aione vizuri raha yake, akatoka kichwa juu. Daftari likabaki mezani, limefunuliwa.

Simu za nje siku hizo zilikuwa za kupiga kelele na kurudia. Alizungumza robo saa, akacheka, akauliza habari za magoti. Alipokuwa akirudi ukumbini alisikia sauti ya mwanamume katika chumba cha baridi, sauti iliyonyooka, yenye kuvuta kidogo mwisho wa kila mstari. Ni Mzee Abdulhalim wa stoo. Alikuwa ameleta karatasi za printa, Nzai kapita akaona kazi imesimama na saa zinakwenda, akamwuliza kama aijua hati hii, akamwacha asome akaenda zake. Abdulhalim kafundisha chuo cha Kurani miaka ishirini kabla ya kuja stoo. Hati ile ataisoma amefumba jicho moja. Na kwa desturi ya chuoni, aliloliona alilisoma. Hakujua kuruka.

Hafidha alifika mlangoni wakati kidole cha mzee kikiwa katikati ya ukurasa.

"Chumba cha thelathini, bwana na bibi, siku tisa," Abdulhalim alisoma. "Tarehe ishirini na tatu mwezi wa saba. Leo nimewaona wageni sita wa tarehe kumi mwezi wa nane wamewekwa mwezi wa kumi. Msichana hajui. Mimi najua, nami nitanyamaza mpaka wafike."

Mzee alisoma mpaka mwisho ndipo masikio yake yakamfikishia alichosoma. Kidole kikasimama. Kadii naye vidole vyake vilisimama. Hafidha aliuona mgongo wa binti ukinyooka polepole. Alingoja ageuke. Alikuwa tayari kwa matusi, alikuwa tayari hata kwa kofi, na angejua la kujibu. Kadii hakugeuka.

"Endelea, mzee," Kadii alisema. "Usiruke."

Vidole vikaanza tena, kwa mwendo ule ule. Hafidha aliondoka mlangoni, akaenda uani nyuma ya jiko, akakaa juu ya kreti ya soda mpaka wakatoka.

Jumamosi kazi ikaisha. Printa ilitoa karatasi ndefu, vyumba vyote themanini na viwili, kila mtu na siku yake. Nzai akawakusanya wafanyakazi, akasema hoteli imeokolewa na Bi Hafidha, mtu wa zamani mwenye akili ya kuona mbele, na watu wakampigia makofi. Mzee Abdulhalim alipiga makofi huku anatazama viatu vyake. Kisha Nzai akasema lililobaki. Kadii sasa ana makosa mawili, la mwezi wa nane na hili. Kwa kuwa kazi imepatikana hatamfukuza leo. Wageni wa Krismasi wakiondoka, naye ataondoka. Mwezi wa kwanza kiti cha kompyuta kitakuwa cha Bi Hafidha, na siku zilizobaki Kadii amfundishe.

Kila alichokililia, basi, alipewa mbele ya watu: kiti, baridi, jina. Mtu mwengine angepiga vigelegele. Hafidha alimtazama Kadii, na Kadii alikuwa amekunja mikono akisikiliza kama habari za mtu mwengine.

Alimfuata chumba cha baridi. Alimkuta apanga disketi katika vijisanduku vitatu, maana safari hii Nzai alinunua bila kuulizwa. Kadii akamweleza, kama mwalimu, kwamba seti moja itakaa humu, moja kwa meneja, na ya tatu ikae mbali na hoteli, kwa Bi Hafidha nyumbani. Moto ukishika hapa, ile itapona. Iwekwe pakavu, isipate joto, isiwekwe karibu na redio. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Yote niliyosomewa yamo humu," alisema. "Sikuacha neno."

Hafidha alikiangalia kile kisanduku. Alimuuliza kwa nini hajamwambia Nzai pale pale, mbele ya watu, kazi isimpotee.

"Si mwandiko wangu, Bi Hafidha," Kadii alisema, akarudi kupanga.

Alikwenda nacho nyumbani. Alikiweka juu ya kabati, akakitoa, akakitia sandukuni, akakitoa tena. Jumapili nzima alikizunguka. Hakuwa na mashine ya kukifungulia. Hakuweza hata kujua ni disketi ipi kati ya zile iliyobeba maneno yake. Lakini hilo silo lililomnyima raha. Kilichomnyima raha, na nitakisema maana yeye mwenyewe alikuja kukisema, kilikuwa wivu, tena mkali kuliko wote. Aliweza kumwonea kijicho kwa ujana, kwa vidole, kwa kiyoyozi, na bado akajiona bora. Sasa binti alikuwa na neno la kumwokoa na la kumlipizia kisasi, neno moja hilo hilo, akalifunga mdomoni akaenda zake. Hafidha tangu azaliwe hajapata kulizuia neno lenye faida kwake. Na kila siku atakayokikalia kile kiti, akawaza, atakuwa amepewa na Kadii. Hakuweza kulimeza hilo. Alitamani kumnyang'anya hata huo wema.

Jumatatu aliingia kwa Nzai na daftari jekundu. Meneja alimkaribisha kwa bashasha, akaagiza chai, akamvutia kiti. Hafidha akalifunua mezani, akaligeuza limwelekee. Nzai akacheka, akasema hati hii yeye haijui, ataisoma juu chini, amsomee mwenyewe.

Hafidha hakuwa amelifikiria hilo. Njia nzima alijiona akiweka daftari na kunyamaza, na maneno yenyewe yakifanya kazi. Alikohoa. Akaweka kidole, akamsomea mistari miwili ya mwezi wa saba, yote, mpaka nitanyamaza mpaka wafike.

Bwana Nzai aliweka kikombe chini. Akamwambia arudie, polepole. Akarudia. Kisha Nzai akainama juu ya ukurasa wa pili asioujua kusoma, akaweka kidole chake kwenye mstari mmoja mfupi uliokaa peke yake chini ya majina.

"Na hapa pamesemwa nini?"

Angeweza kumwambia ni chumba cha ishirini na mbili, Wajerumani wawili, siku kumi na nne. Asingejua daima. Hafidha aliutazama ule mstari, akaweka kidole chake kando ya cha Nzai.

"Tarehe kumi mwezi wa nane," akasoma. "Leo kalia mbele ya watu, nami nimefurahi."

Akalifunga daftari, akamsukumia upande wake wa meza.